Manifodi ya Mkwe

Fundi huyu aliitwa Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na wateja waliokuwa wakisubiri. Ukimpelekea gari Jumatatu akakuambia uje Jumatano, mtu mwenye akili hakuuliza, maana kuuliza ni Jumatano ipi kungeonekana utovu wa adabu. Lakini gari likitoka kwake lilikuwa limepona kweli, na wale wale waliomsema vibaya wakisubiri walirudi mwaka uliofuata, wakasubiri tena, wakamsema tena.

Karakana yake ilikuwa ua wa nyuma ya nyumba, chini ya bati lililoshikiliwa na mabomba ya chuma. Dirisha la chumba ambamo mkewe alishona nguo za watu lilitazama moja kwa moja kwenye meza yake ya kazi, kwa hiyo katika ndoa yao halikuwahi kuzuka swali la nani alishinda wapi. Cherehani ikinyamaza, Taratibu alijua anatazamwa.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu kuliko hata ucheleweshaji. Ukimuuliza jambo, alikuuliza wewe unalionaje. Mkewe alidai kwamba hata siku ya posa, wazee walipomuuliza kama kweli anamtaka binti huyu, alijibu, "Ninyi mnaonaje?" Yeye alikanusha habari hiyo, ila hakuikanusha kwa nguvu sana.

Binti yao wa pekee aliolewa na kijana wa kampuni ya bima. Kazi ya kijana ilikuwa kukadiria uwezekano wa watu wengine kupata ajali. Baada ya kazi alipanda gari la michezo la buluu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba mama mkwe alipolipanda mara ya kwanza aliuliza kama magurudumu yote manne yamepata pancha kwa pamoja.

Kijana alimheshimu baba mkwe wake kupita kiasi, na baba mkwe naye akamheshimu vivyo hivyo. Mkwe akisema leo kuna joto, Taratibu alijipangusa jasho hata kama hana. Taratibu akisema chai ina sukari nyingi, mkwe alikiweka kikombe chini kana kwamba ameokolewa. Mlangoni walikaribishana, pita wewe baba, hapana pita wewe mwanangu, mpaka mama mkwe anawapita wote wawili na sinia mkononi. Watu walisema wana bahati, wakwe wengine hata salamu hawapeani. Tangu harusi hawakuwahi kutofautiana katika jambo lolote, na hakuna aliyefikiri kwamba hilo lilikuwa tatizo.

Jumamosi moja asubuhi mkwe aliingiza gari uani likitoa mlio mdogo wa tiki tiki tiki. Taratibu aliinama, akasikiliza, akaomba boneti ifunguliwe. Manifodi ilikuwa imepasuka. Manifodi ni kile chuma kinachoshikana na ubavu wa injini. Kinaupokea moshi ukiwa bado moto wa kutisha, kinaupeleka kwenye tabo, na tabo inautumia moshi huo kuipulizia injini hewa, gari likakimbia kuliko akili ya dereva. Ufa ukiwa mdogo, unapiga kelele asubuhi tu. Chuma kikipata moto kinavimba, ufa unajibana, kelele inakufa, na mwenye gari anajiambia limejiponya.

"Hii hairekebishiki," Taratibu akasema. "Inataka mpya."

Mkwe akatoa simu. Alikuwa tayari amezitafuta, na picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa manifodi ya chuma cha kumimina, nzito, nyeusi, yenye sura ya kitu kilichookolewa kwenye moto. Ya pili ilikuwa ya mabomba manne ya stenlesi yaliyopindwa na kuchomelewa, yanameta, yamejikunja pamoja kama vidole vya mtu anayeomba msamaha.

Taratibu alizijua zote. Ile nyeusi ingekaa pale pale ilipokaa ya zamani, ingeibeba tabo bila kulalamika, na ingezeeka pamoja na gari. Ile inayometa ingeipa injini pumzi zaidi, hilo ni kweli, lakini mabomba yake ni membamba, yanabeba tabo kwa taabu, hupasuka kwenye maungio, na hujui yatapita wapi mpaka uyaingize. Kama mtu angemfunga kamba na kumtishia, angesema chukua nyeusi. Bahati mbaya hakuna aliyemtishia.

"Unaonaje, baba?" mkwe akauliza.

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi nafuata utakavyoona wewe."

"Gari ni lako, mwanangu."

"Lakini injini naikabidhi kwako, baba."

Kidole cha mkwe kilikuwa kimesimama juu ya picha ya ile inayometa. Taratibu alikitazama kidole. Akajiambia kijana ameipenda, na kijana akiipenda, mzee mzima atamwambiaje kuwa amependa upuuzi?

"Hii si mbaya," akasema polepole.

"Si mbaya hata kidogo," mkwe akadakia.

Cherehani ilinyamaza. "Mmekubaliana?" mama mkwe akauliza dirishani.

"Tumekubaliana," wakajibu kwa pamoja.

"Nani katika ninyi kaitaka?"

Hapo wote wawili walipata shughuli ya haraka ndani ya boneti.

Mzigo ulipofika Taratibu aliondoa manifodi ya zamani. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu hata mafuta ya kulainishia hayakuzisaidia, na moja ikakatikia ndani. Akamwita jirani yake mchomeleaji, mtu mmoja mwenye mdomo, aliyeitwa Cheche, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Cheche akachomelea nati juu ya kipande kilichobaki, akasubiri kikapoa kidogo, akakizungusha kikatoka. Kisha akaitazama ile manifodi mpya iliyokuwa imelazwa juu ya kitambaa safi kama mtoto mchanga.

"Mzee, hii umechagua wewe?"

"Ni ya mkwe."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza nani kachagua."

"Tulikubaliana."

"Ahaa. Basi hakuna aliyechagua."

Waliipandisha wote wawili, mmoja akishika, mwingine akielekeza. Ikakaa kwenye matundu yake vizuri, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba aliyeitengeneza alikuwa akiwaza gari lenye usukani upande mwingine. Bomba la nne, badala ya kupita penye nafasi, lilipinda nyuma, likaikwepa shafti ya usukani kwa upana wa kidole, kisha likapita sambamba na paipu ya breki.

Cheche alichungulia kwa tochi. "Mzee, hili bomba linataka kuibusu paipu ya breki."

"Halijaigusa."

"Busu huanza hivyo hivyo."

Taratibu alijua. Mafuta ya breki yakipashwa moto sana yanachemka, yanajaa mapovu, na mguu ukikanyaga unakanyaga mapovu. Pedali inazama, gari linaendelea na safari yake. Alijua pia nani anakaa kwenye kile kiti cha abiria kila asubuhi. Binti yake alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, na mkwe alimpeleka kazini mwenyewe, akishuka naye ule mteremko mrefu unaoingia mjini, penye foleni isiyoisha, ambako gari hutambaa kwa dakika nyingi bila upepo wa kupoza chochote.

Kitu cha kufanya kilikuwa wazi: kuiteremsha, kumpigia mkwe simu, kumwambia haifai. Taratibu aliishika simu. Akamwona kijana akiwa na aibu, akiomba radhi, akisema ni kosa langu baba, nimekusumbua baba. Akaona jinsi ambavyo yeye mwenyewe angeonekana, mzee aliyesema si mbaya na sasa anasema ni mbaya. Akairudisha simu mfukoni.

Akafanya kazi safi, na usafi huo ndio uliomdanganya. Aliisogeza paipu ya breki mpaka ilipogoma kusogea. Alilifunga bomba kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, mizunguko imepangana kama kilemba. Alikata bati, akalikunja, akaliweka katikati kama ngao. Cheche alikuja kuangalia, akasema kazi ni nzuri sana kwa kitu ambacho hakikupaswa kufanywa. Mkwe alipokuja kulichukua gari alisifu mpaka akakosa maneno. Taratibu akampa ufunguo.

"Ila usilikimbize sana mwanzoni," akasema.

"Hapana, baba."

Onyo lote lilikuwa hilo. Mwenye kusikia asingeweza kujua kama linahusu breki, mvua, au ujana kwa jumla.

Kuanzia hapo Taratibu hakupata raha. Alimpigia binti simu kila asubuhi kumuuliza kama amefika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata binti huyo alipokuwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule. "Baba, una nini?" binti akamuuliza. "Sina kitu. Nimeuliza tu." Mkewe naye alimwona akiweka spana kwenye beseni la kunawia na kunawa mikono kwenye mafuta machafu. Cherehani ilikuwa inanyamaza mara nyingi mno.

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, binti na mumewe wakaja kutembea. Taratibu alikuwa amesimama getini. Gari liliingia uani polepole, na dirisha la dereva likiwa wazi alimwona mkwe. Hakumtazama usoni, alitazama goti. Goti lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, likapanda tena, ndipo gari likasimama, karibu kabisa na nguzo ya bati.

"Habari za gari?" akauliza, baada ya salamu ndefu.

"Safi kabisa, baba."

"Breki?"

"Safi, baba. Hazina neno."

Binti alikuwa bado anajitoa kwenye kile kiti cha chini, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kiunoni. "Hazina neno?" akasema. "Juzi mteremkoni uliikanyaga hiyo pedali kama mama anavyokanyaga cherehani. Tulisimama sentimita chache tu nyuma ya lori."

"Ilikuwa foleni tu," mkwe akasema.

"Foleni gani inayokufanya unipigie kelele nishike mkanda?"

Mama mkwe alikuwa ameshatoka mlangoni, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye nguo. Hakuna aliyekaribishwa ndani.

"Ilianza lini?" Taratibu akauliza.

Mkwe alitazama viatu vyake. "Muda kidogo, baba. Inakuja na kuondoka. Ikipoa inarudi kawaida."

"Muda kidogo, na hukuniambia?"

"Nilisema... Niliona ni kazi ya mkono wako. Ningekuambiaje kwamba ina kasoro? Nilikuwa najifunza kuikanyagakanyaga pedali mapema."

Binti alimtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu aliyesema usingizini. Kisha akamgeukia baba yake, na kwa kuwa alikuwa mwanawe, akaona kitu usoni mwake.

"Baba. Na wewe ulijua?"

Kwa mara ya kwanza Taratibu hakuwa na wa kumuuliza anaonaje. "Nilijua. Siku naifunga niliona bomba liko karibu. Nikaziba ziba."

"Uliona?" Huyu sasa alikuwa mkwe. Hakusema baba.

"Niliona."

"Na ukanipa ufunguo."

"Nikakupa ufunguo. Uliipenda ile manifodi, mwanangu. Nikaona nisikuvunje moyo."

"Niliipenda mimi?" Mkwe aliinua uso, na uso huo ulikuwa mpya kwa kila mtu pale, mkewe akiwemo. "Mimi nilitaka ile nyeusi! Watu wote wa haya magari wanasema chukua nyeusi. Wewe ndiye uliyeitazama hii ya kumeta muda mrefu. Nikajiambia mzee ameipenda, ana sababu zake."

"Nilikuwa natazama kidole chako."

"Kidole changu kilikuwa kinangoja picha irudi nyuma! Simu ilikuwa imekwama!"

Cheche, ambaye ukuta haukuwahi kumzuia kusikia jambo, alisikika upande wa pili akikohoa, kisha akawasha mashine yake ya kuchomelea bila ya kuwa na kitu cha kuchomelea.

Binti aliketi kwenye kigoda cha baba yake, miguu imeachana, mikono juu ya tumbo. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. "Ninyi wawili," akasema, "mngeniua kwa heshima. Na msibani mngegombania nani atangulie kuingia."

Gari halikuondoka siku ile, na binti pia hakuondoka. Alirudi kwenye chumba chake cha zamani, ambacho sasa kilikuwa na vitambaa vya wateja mpaka dirishani, akalala kati ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Mama yake alifurahi kuwa naye na akaona haya kufurahi. Mkwe alikuja kila jioni kutoka kazini, na tai shingoni, akakaa na mkewe ukumbini wakaongea kwa sauti ya chini. Kwa Taratibu alipita na salamu fupi. Taratibu aliitikia kwa ufupi uleule. Mlangoni hawakukaribishana tena, kila mmoja alipita alipofika. Taratibu aligundua kwamba anaikosa ile michezo ya mlangoni, na kwamba kuikosa kwake kulikuwa ni sehemu ya ugonjwa.

Manifodi ya chuma cha kumimina ilipofika, walilitengeneza gari pamoja. Mkwe ndiye aliyesema atakuwepo, na hakulisema kama ombi. Alivua shati la kazini, akalitundika kwenye msumari. Waliitoa ile ya kumeta. Chini ya kitambaa, kwenye ungio la bomba la nne, tayari kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Taratibu akamwonyesha. Zamani angeugeuzia upande wa pili.

"Hapa pia," akasema. "Hata kama breki zisingechemka, hapa pangeachia."

Mkwe aliupitisha ukucha juu ya ufa.

Wakabadilisha paipu ya breki, wakairudisha kwenye njia yake ya asili, wakamwaga mafuta yote ya breki na kutia mapya. Manifodi nyeusi ilikaa mahali pake kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Taratibu akaanza kukaza bolti, ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa mstari, akili yake ikiwa bado kwenye ule ufa.

"Si hivyo," mkwe akasema.

"Nini?"

"Unaanzia pembeni. Nimesoma zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, la sivyo inakaa upande. Umekosea."

Taratibu alikuwa amekaza bolti kuanzia katikati tangu kijana huyu hajazaliwa. Alizitazama zile alizokaza. Kweli alikuwa ameanzia pembeni. Damu ilimpanda, ikakaa kidogo kichwani, ikashuka.

"Nimekosea," akasema. Akazilegeza zote, akaanza upya.

Alasiri injini iliwashwa. Hakuna tiki tiki. Walilizungusha mtaani wao wawili, wakashuka nalo mteremko na kupanda, na pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu. Waliporudi, binti alikuwa amekaa uani na begi lake limefungwa. Alikuwa amechoka kulala na sare za watoto wa watu. Mumewe alilichukua begi kabla hata hajanawa mikono, uso ukimng'aa.

Binti hakusimama. "Baba," akasema, "nipande au nisipande?"

Cherehani ilinyamaza ndani. Mkwe alikuwa amesimama na begi, anangoja, anatabasamu. Ilikuwa rahisi mno kumwambia panda. Gari lilikuwa zima, au karibu zima. Kijana alikuwa amelala peke yake wiki nzima na zaidi, na alikuwa amefanya kazi siku nzima kama kibarua.

"Usipande," Taratibu akasema.

"Baba, tumelijaribu sasa hivi," mkwe akasema. "Liko sawa."

"Bolti zimepata moto kwa mara ya kwanza. Zinalegea. Lazima lipoe kabisa nizikaze tena, na nitazame kama hakuna tone la mafuta ya breki popote. Kesho asubuhi."

"Mimi naona limekaa vizuri."

"Na mimi nasema unaona vibaya."

Tabasamu liliondoka. Mkwe alikunja uso waziwazi, mbele ya mama mkwe aliyekuwa dirishani, akasema kwamba kesho ana kazi, kwamba nguo zake ziko nyumbani, na kwamba kama jibu lilikuwa ni hili, lingesemwa kabla hajaoga mafuta. Taratibu alimwacha aseme. Hakuomba radhi wala hakupunguza neno.

Binti alilichukua begi kutoka kwa mumewe, akalirudisha ndani yeye mwenyewe.

Kijana alibaki uani kidogo, amemgeuzia baba mkwe wake mgongo. Kisha akauliza, bila ya kugeuka na bila ya upole wowote, atalala wapi. Mama mkwe akajibu dirishani kwamba kuna kochi ukumbini, ila ni fupi, na bahati yake hakuna atakayemuuliza kama linamtosha.